Ndani ya Gari la Mhelela Kwenda Semina ya Njombe

Niliondoka Mdandu kwenda Njombe kwa sababu ya mwanangu Neema. Alikufa na baba yake siku moja, kwa ugali mmoja. Mimi nilikula kidogo, nikabaki na mikono inayotetemeka mpaka leo. Mahindi tuliyatia dawa ya wadudu iliyokuja kwenye vifuko visivyo na maandishi. Aliyeuza ni Mhelela wa Makambako. Aliyesema haina shida ni bwana shamba wetu, Kidenya. Zamani dawa ilikuja kwa ushirika, mfuko umeshonwa. Biashara ilipofunguliwa, kila mwenye kijiko akawa duka.

Aliyeniita ni dada Rehema, wa shirika moja la akina mama. "Serikali inatunga sera ya pembejeo, mama. Inataka kuwasikia wadau." Neno hilo sikulijua. Nilidhani wadau ni wafiwa.

Makambako, saa moja asubuhi, baridi ya kukata masikio. Rehema alinielekeza kwenye pikapu ya wadau karibu na stendi. Nikafungua mlango wa mbele, kumbe kwenye usukani amekaa Mhelela.

"Kamwene, Mama Neema! Panda bwana, na mimi ni mdau."

Nilipanda, maana basi lilikuwa limeshaondoka na semina isingeningoja.

Njiani, Rehema alikaa nyuma juu ya maboksi ya karatasi, hasikii kitu. Tulipoingia kwenye msitu wa miwati, Mhelela akapunguza mwendo. Nikashika kitasa cha mlango.

"Huko utasema nini?"

"Nilichokiona."

"Haya. Mbolea ya Mdandu analeta nani?"

Nikageukia dirishani.

"Nijibu basi, mama."

"Wewe."

"Nisipoleta msimu huu, majirani zako watamuuliza nani?" Akacheka, akanipa pipi. Niliishika mkononi mpaka Njombe. Sikuthubutu kuila, wala kuitupa mbele yake.

Njombe, ukumbini, tuligawanywa makundi. Kundi langu: Mhelela, Kidenya, maofisa wawili na mimi. Ofisa mmoja mwenye tai ndiye aliyeandika kwenye karatasi kubwa ukutani. "Jamani, hapa hatutaji majina. Tunataja changamoto."

Nikaeleza ya Neema na baba yake. Nilipomaliza akaandika, na Rehema, aliyekuwa akipita kila kundi, akanisomea: Changamoto ya vifungashio.

"Vifungashio ndio nani?" nikauliza.

Wakacheka. Kidenya ndiye aliyecheka kuliko wote. "Mama, vifungashio ni mifuko!"

"Mfuko haukuja Mdandu kwa miguu yake, bwana shamba."

Kicheko kikakatika. Nikaichukua ile kalamu nene. Darasa la tatu sikumaliza, lakini majina naweza. Mkono ulitetemeka, wakadhani ni hofu, na kweli hofu ilikuwemo. Nikaandika MHELELA. Chini yake KIDENYA.

"Mama!" ofisa wa tai akasema. "Karatasi hii inakwenda wizarani!"

"Ndiyo maana naandika kubwa."

Jioni nilirudi kwa basi, nikashuka njia panda, nikatembea. Kila lilipokuja gari nyuma yangu, niliingia vichakani mpaka lipite.

Baada ya wiki kadhaa Rehema alileta taarifa ya semina, akanisomea macho yakiwa chini. Changamoto ya vifungashio. Basi. Mwisho kabisa ndipo majina yalipo, kwenye mahudhurio: Mhelela, mdau. Kidenya, mdau. Mimi, mdau.

Sasa neno nimelijua. Aliyeua na aliyefiwa, mstari mmoja.

Mvua zimeanza na mbolea haijaja. Jirani yangu aliniuliza kisimani, "Ungenyamaza tu, Mama Neema, ungepungukiwa nini?" Nikajitwika ndoo yangu. Naogopa kwenda Makambako, naogopa hata kusikia injini. Lakini majina nimeyaandika tena hapa, kwenye simulizi hii, mahali ambapo ofisa wa tai hafiki.

Ile pipi iko kwenye kikombe, juu ya kabati. Naogopa kuitupa, kuku wasije wakaiokota.