Foleni ya Skuta ya Bluu

Nimehama nyumba mara nyingi kuliko paka, lakini skuta ya bluu ya marehemu baba sijawahi kuisahau. Kwa hivyo nilipoona ya aina hiyo ikiuzwa mtandaoni, nililipa bila kuuliza swali. Muuzaji, mzee mpole kwenye picha yake, aliniandikia: "Njoo nyumbani Njoro kesho asubuhi, boss."

Nilifika ukungu ukiwa mzito. Uani watu walikuwa wamepanga foleni kimya, na mbele yao niliona usukani wa bluu. Nikajua ni wanunuzi wenzangu. Niliwapita wote kwa viwiko.

"Samahani, mathe," nilimwambia mama aliyesimama mbele. "Hii skuta ni yangu. Niliongea na mwenyewe jana jioni."

"Mwenyewe gani?"

Nikampa simu aone picha. Akaisogeza karibu na macho.

"Huyu ni bwanangu. Amekaa mochari wiki mbili. Leo tunamzika."

Hapo ndipo nilipoliona jeneza kando ya skuta, limefunuliwa, na ndani yake uso ule ule. Foleni nzima ilinigeukia. Simu ikalia mkononi mwake, naye akasoma kwa sauti:

"Boss, umefika? Songa karibu, niko hapa mbele."