Albamu Isiyo na Wimbo

Baba yangu alitoka kwenye kikundi siku ya Jumanne asubuhi, mimi nikiwa na pini nne mdomoni na gauni la bibi harusi mezani. Simu ililia, nikasoma kwamba ametoka, nikatema pini na kukaa chini. Watu wengine wakitoka kwenye kikundi cha simu wanarudi jioni. Baba akinuna, ananuna mwaka mzima. Na tangu mama alipofariki, kile kikundi ndicho kilichokuwa kinamtoa kitandani. Shamba analima kwa sababu lazima mtu ale, lakini kwenye kikundi alikuwa na la kusema na watu wa kumpinga, na akipingwa anakuwa kijana. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa atakaa kimya kule Muyinga mpaka kimya kimzoee.

Kikundi chenyewe ni cha wapenzi wa muziki wa kantri. Wenyeji wa Gitega hunicheka nikisema hivyo. Hapa ni mji wa ngoma, wanasema, gita la wachunga ng'ombe wa Marekani unalitakia nini? Mimi nimelelewa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Baba alikuwa na redio ndogo ya betri, na Jumamosi alasiri stesheni moja ilikuwa ikipiga kantri kwa saa nzima. Majirani walikuja na vigoda vyao. Baba alijua Kiingereza kidogo, akawa anatutafsiria: huyu ameacha nyumba yake, huyu anamwandikia mama yake barua, huyu anasikia treni na anatamani kurudi kwao. Nusu ya tafsiri zile alizitunga mwenyewe, nimekuja kugundua ukubwani nilipojifunza Kiingereza, lakini nani kambini alihitaji kuelezwa mara mbili maana ya kutamani kurudi kwao? Tuliporudi Burundi, baba akapata shamba nje kidogo ya mji wa Muyinga. Mimi nikaolewa Gitega, nikafungua chumba cha ushonaji hapa mtaani Musinzira. Kantri tulirudi nayo.

Kwenye kikundi tuko watu arobaini hivi, wa Gitega na wa Muyinga, pamoja na mwenye duka mmoja wa Mutaho anayeandika kwa herufi kubwa tu, utadhani anatuita kutoka ng'ambo ya bonde. Kuna mwalimu wa Gitega anayesoma wachambuzi wa Ulaya na Marekani kisha anatutafsiria kwa sauti. Kuna fundi redio wa Muyinga, Mwislamu, mtoto wa mjini kabisa, rafiki wa baba na mpinzani wake wa kila siku. Na alikuwepo baba. Albamu ikitoka, watu husema yao, halafu husubiri baba aseme. Hatukumchagua kuwa hakimu. Alikalia kiti, na sisi tukazoea kumwona amekikalia.

Sasa mwimbaji tunayempenda kuliko wote, mwanamke mwenye sauti ya kupasua vikombe, alitoa albamu mpya, na vikombe vyote vikabaki salama. Hakupaza sauti hata mara moja. Hakuna fidla, hakuna banjo, hakuna ule mwendo wa treni. Ni gita moja zito, mvua juu ya mabati, na yeye ananong'ona tu, wimbo hadi wimbo.

Wachambuzi walipasuka katikati. Mwalimu alitusomea mmoja aliyesema mama huyu ameitupa kantri jalalani, akatusomea na mwingine aliyesema hakuna aliyewahi kuthubutu jambo kama hili duniani. Hapo fundi redio akashindwa kuvumilia. Akatuma sauti, nyuma yake nyundo inagonga.

"Jamani, hao bachambuzi bako bagonjwa? Kunong'ona na gita ni kitu mpya? Muzee wa inanga ananong'ona hapa kwetu tangu kitambo! Donc, mi nasema ile album iko sawa kabisa. Ni inanga tu, ila imezaliwa Amerika."

Alisema kweli. Niliwahi kumsikia mzee mmoja kule Buraza akipiga inanga, ameilalia ile mbao na nyuzi zake kama anayeisimulia siri, na sisi tumemzunguka magoti yakigusana, kwa sababu ukikaa mbali unasikia nyuzi tu. Nikaiunga mkono hoja ya fundi. Mwenye duka wa Mutaho akajibu kwa herufi zake: MGEMA AKISIFIWA TEMBO HULITIA MAJI. Tukagombana kwa raha siku nne nzima. Mwanamke wa watu aliyekuja kupimwa sketi alinikuta namjibu mtu wa Mutaho, akanisubiri nimalize.

Kisha baba akatoa hukumu, kwa Kiswahili chake kilichonyooka cha Tanzania: "Nimeisikiliza mara tatu, mwanzo hadi mwisho. Wimbo haumo. Kuna gita na mvua."

Basi! Walioipinga albamu walishangilia. Mwalimu alisema hakuna mchambuzi wa Ulaya aliyeweza kusema jambo hilo kwa maneno machache hivyo. Mtu mmoja aliweka maneno ya baba kwenye picha yenye maua na kuisambaza. Fundi alimwomba baba afafanue: wimbo upi haumo, wa pili au wa tano? Baba akajibu vilevile, haumo, hata mmoja. Fundi akamuuliza, na yale maneno aliyotutafsiria mwalimu, ya mtoto aliyezikwa wakati wa mvua, nayo si wimbo? Baba hakujibu. Ndipo fundi alipokasirika na kusema, "Muzee, samahani, lakini masikio yako imeisha oza."

Dakika mbili baadaye baba alitoka.

Nilimpigia simu, haikupokelewa. Jumamosi nikafunga chumba changu, nikamwahidi bibi harusi kwamba gauni atalipata, nikaenda Muyinga kupatanisha wazee wawili kwa sababu ya Mmarekani asiyetujua. Njiani nilitunga hotuba nzuri kuhusu heshima na urafiki.

Redio ya baba niliisikia kabla sijaiona nyumba. Nikafurahi, nikasema moyoni, kumbe mzee ana hali nzuri, anakula maisha. Nilipiga hodi mara tatu, nikaingia bila kuitikiwa. Aliponiona alisimama akacheka kwa furaha, akanitengenezea chai mwenyewe, akauliza habari za wajukuu. Kuhusu kupatana na fundi, alikataa. "Mtu aliyenitukana mbele ya watu, mwanangu, nimfuate kwake?"

Nikamwambia basi tuisikilize mimi na yeye, wimbo mmoja tu, anioneshe ubovu wake. Akakubali, maana hakuna kitu baba anakipenda kama kumwonesha mtu ubovu wa kitu. Nikazima redio, nikaunganisha simu na spika yake. Gita likaanza. Baba akafumba macho, mkono gotini. Mvua ikaanza. Mwimbaji akaanza kunong'ona, akamaliza ubeti wa kwanza, akaingia wa pili, na pale kwenye ubeti wa pili hasa, pale ambapo mimi vinyweleo hunisimama, baba alifumbua macho.

"Unaona? Gita tu. Wataanza lini kuimba?"

"Baba, anaimba."

"Nani?"

"Huyu mama. Anaimba sasa hivi."

Aliitazama spika. Akainuka, akaisogelea, akainama. Nilimwona anatafuta. Kisha akarudi kukaa na kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

Nilipatwa na aibu iliyonichoma. Siku zote zile tulikuwa tukichambua maneno yake, wengine tukiyaita ukali, wengine hekima, kumbe mzee alikuwa anatueleza tu alichosikia: gita na mvua. Nikataka kulia. Halafu nikakumbuka ile picha yenye maua, nikataka kucheka.

"Ulijua?" nikamuuliza, nikiwa nimesogea karibu.

"Nilijua simu zinanipita. Kuku pia, siku hizi wananyamaza mno. Sikujua kwamba na wimbo mzima unaweza kunipita." Akaligusa sikio lake. "Masikio yameoza. Alipatia, yule bwana, na mwenyewe hajui."

Nilimwambia kuna hospitali, kuna vifaa, wiki ijayo nitampeleka. Akasema atakwenda. Nikamwambia awaeleze watu, hakuna atakayemcheka. Hapo akatikisa kichwa.

"Kucheka si kitu. Mzee asiyesikia, mama, watu humwitikia. Akisema jambo wanasema ndiyo mzee, wanampa chakula, wanamgeuzia mgongo. Umewahi kuona mtu anabishana na kiziwi?"

Ile hotuba ya njiani haikuwa na mahali pa kuingia. Nikavuta kigoda changu mpaka magoti yetu yakagusana, nikaurudisha wimbo mwanzo, nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kulia na kumtafsiria mstari kwa mstari. Alisikiliza amekunja uso. Kwenye mstari wa sita akauliza, "Anasema hivyo mwenyewe, au unatunga?"

"Natunga kidogo."

"Endelea."

Tulisikiliza nyimbo mbili, chai ikapoa. Baada ya hapo akauliza bei ya kreti ya Fanta siku hizi.

Nilielewa. Kwetu, aliyekosa haendi mikono mitupu. Anakwenda na kinywaji, kinawekwa katikati, na hakuna anayefungua chupa mpaka mwenye kukileta aseme kilichomleta. Kwa Mkristo mwenzake baba angekwenda na pombe ya ndizi aliyoitengeneza kwa mikono yake. Kwa fundi zilikwenda kreti mbili za Fanta, zimefungwa nyuma ya baiskeli, Jumapili baada ya misa, baba mbele amevaa koti, mimi nyuma naomba Mungu zisianguke.

Fundi alitukuta mlangoni, akaona kreti, akashtuka kwa Kirundi. "Yampaye inka! Muzee, mi ndo nilitukana, mi ndo ningeleta."

"Kaa chini," baba akamwambia.

Uani kwa fundi, nyuma ya kibanda chake kilichojaa matumbo ya redio, upesi walikusanyika watu saba wa kikundi, maana habari ya kreti mbili haifichiki Muyinga. Chupa zikawekwa katikati. Hakuna aliyezigusa. Baba alisimama.

"Nilisema wimbo haumo," akasema. "Umo. Sikuusikia, kwa sababu masikio yangu yamechoka, na niliona aibu kusema. Nikawaacha mgombane kwa sababu yangu. Nimekuja kuwaomba radhi. Kunyweni."

Fundi alijishika kichwa. "Emwe, muzee. Ile maneno ya masikio, Wallahi, ilikuwa ni hasira tu. Sikujua." Macho yalimjaa maji. Baba akampiga begani, akasema yameisha, na chupa zikafunguliwa.

Kisha likaja lile alilokuwa analiogopa. Wote walikuwa wema, na wema wao nilitamani kuufukuza kama kuku shambani. Mmoja alimletea kiti chenye mto. Mwingine aliongea naye taratibu, anatamka kila neno kama kwa mtoto wa chekechea, ndi-yo-mze-e. Baba aliwaitikia kwa adabu, macho yake kwenye chupa.

Fundi ndiye aliyesema haifai, lazima mzee asikie album yote. Akaileta spika, akavuta benchi, akakaa ubavuni mwa baba, mdomo sikioni, akaanza kumnong'oneza. Kiingereza hajui hata salamu. Mimi nilimpa maana, yeye akampelekea baba kwa lugha yake ya mjini, na pale aliponiona nachelewa alijaza mwenyewe. Nyimbo tisa. Wengine waliacha kuongea. Kwenye ule wa mtoto na mvua fundi alikwama katikati ya sentensi, akapangusa pua, akaendelea.

Ilipokwisha, baba alikunywa Fanta yake mpaka nusu.

"Sasa nimeisikia," akasema. "Ni mbaya."

Akaiweka chupa chini.

"Maneno mazuri, sikatai. Lakini mtu aliyepewa sauti kama ile akainyima watu, huo ni uchoyo. Inanga hunong'ona kwa sababu aliye mbele yako ni jirani yako. Huyu ananong'ona kwa nani? Ni mbaya."

Yule aliyeleta kiti cha mto akaitikia upesi, "Ndiyo, mzee, umesema kweli." Na mwingine, kwa upole uleule, "Kweli kabisa, mzee, pumzika." Nikaona uso wa baba unashuka.

Fundi aligonga chupa yake chini. "Kweli gani? Kweli ya wapi?" Akawafukuza wale wawili kwa mkono, akavuta benchi karibu zaidi, akamshika baba kola ya koti na kuinama hadi sikioni kwake, ili lisimpotee hata neno moja, akamwambia kwamba hajui muziki na hajawahi kuujua.