Bega la Mpiga Chapa

Oliva Mapunda alipewa orodha ya watumishi wanaopunguzwa kazini ili aipige chapa, na jina la kumi na nne lilikuwa lake.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tano 1993. Shirika lao la kununua mazao ya wakulima hapa Songea lilikuwa limeambiwa lijiendeshe lenyewe au lifungwe, na wakubwa wakaona njia ya kujiendesha ni kuwapunguza wadogo. Kwa hilo Oliva alikuwa amekwisha kujiandaa. Kilichomshtua ni safu ya mwisho, iliyoandikwa "Sababu". Wenzake kumi na watatu walikuwa na "Nafasi imefutwa". Mbele ya jina lake afisa utumishi, Bwana Joachim, alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri sana: "Uzembe."

Neno hilo lingemfuata. Shule ya masista ilikuwa inatafuta mpiga chapa, na kitu cha kwanza watakachouliza ni kwa nini ameachishwa alikotoka. Miaka kumi na tisa ya kazi, barua elfu ngapi, halafu neno moja.

Na neno lenyewe lilitoka wapi? Wiki tatu kabla, Bwana Joachim alivua saa yake, akaiweka kando ya mashine na kumpima. Mwanamke aliyezoea kupiga maneno hamsini na tano kwa dakika alipiga thelathini na moja. Tena herufi zilififia. Stensili ni karatasi ya nta: ukigonga kwa nguvu, herufi inakata nta na wino unapita, ukilegea, nakala zinatoka na mapengo. Za Oliva zilikuwa na mapengo kwenye o, l na p, herufi za vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia.

"Vidole vizima hivi," Bwana Joachim alisema, akivigeuzageuza kama anayekagua magunzi. "Havijavimba, havina jeraha. Mama, umeichoka kazi, sema tu."

"Linaniuma bega, mkubwa."

"Bega! Unapiga chapa kwa bega?"

Vijana wa stoo walicheka. Jumamosi yake Oliva alipanda gari la Peramiho, kwenye hospitali ya misheni.

Hospitalini alipokelewa na Sista Lidwina, mtawa mfupi anayenyoosha viungo vya watu waliopooza na walioanguka kutoka juu ya miembe.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Kaa, mama. Inua mikono yote miwili, polepole."

Sista alisimama nyuma yake, kiganja kimoja kila bega. Mkono wa kushoto ulinyanyuka vizuri. Wa kulia ulianza kwa shingo kujikunja na mgongo kuinama, ndipo mkono ukafuata.

"Umejiona? Sikukuambia upinde mgongo."

"Sijapinda mimi."

"Ubongo wako umepinda kwa niaba yako." Sista aliubonyeza msuli kati ya shingo na bega, Oliva akaruka. "Msuli huu unauma. Habari ya maumivu inasafiri kwenye mishipa ya fahamu mpaka kwenye uti wa mgongo na ubongo, na huko wanaamua kuulinda. Wanapunguza amri zinazokwenda kwake, kazi yake wanapewa misuli ya jirani ambayo haikuizoea. Sasa kidole kinagonga huku mkono wenyewe haujatulia begani. Kitagonga vipi sawasawa?"

"Kwa hiyo si uvivu?"

"Nani amekuambia uvivu?" Sista alikunja uso. "Ukijilazimisha ndiyo unazidisha. Na hata maumivu yakiisha, ubongo unaweza kubaki na njia ile mbovu, mpaka uufundishe upya kwa mazoezi. Unapigia chapa kwenye meza gani?"

Oliva alipima kwa kiganja mbele ya kifua chake. "Kaunta," alisema. "Ya mapokezi. Inanifika kifuani."

Jumatatu iliyofuata alifungua kabati lake ofisini. Oliva alikuwa na desturi ya kutunza nakala moja ya kila alichokipiga, kwa tarehe. Alizipanga sakafuni. Mpaka mwezi wa nane 1992, o zote nyeusi. Mwezi wa kumi zilianza kupauka. Kufika Krismasi hata jina lake mwenyewe lilikuwa limekatika mwanzo. Na mwezi wa nane, kila mtu alikumbuka, ulifanyika mnada wa samani chakavu, na meza fupi ya mpiga chapa ikauzwa ikiwa haina hata mkwaruzo.

Iddi, tarishi kutoka Tunduru, alizitazama zile karatasi, akaguna. "Dada Oliva, meza yako haijaenda mbali. Nilipopeleka barua nyumbani kwa Bwana Joachim niliiona barazani. Mkewe anaipangia maandazi."

"Wallahi?"

"Enhe, leo umeapa kama mimi! Wallahi. Na maandazi yamekaa starehe kuliko wewe."

Oliva hakucheka.

Basi wiki mbili baadaye, Jumanne ile orodha ilipomfikia, aliipiga. Mpiga chapa hachagui maneno. Ndivyo alivyofundishwa, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kubadili hata nukta. Alipiga majina kumi na matatu, akisimama kila baada ya mstari kulegeza bega kama Sista alivyomwelekeza. Kwa jina la kumi na nne, kwenye safu ya sababu, alipiga taratibu, kila herufi kwa nguvu moja: "Meza yake iliuzwa."

Bwana Joachim aliisoma akiwa amesimama. "Hii nini? Futa!"

"Dawa ya kufutia ile pale, mkubwa."

"Orodha inaondoka na basi la alfajiri!"

"Basi anza mapema."

Iddi akatoka nje kukohoa. Bwana Joachim alivuta kiti, akaketi mbele ya kaunta na kuchomeka stensili mpya. Alitafuta herufi kwa vidole viwili, viwiko hewani, mabega yamegusa masikio. Ya kwanza aliichana. Ya pili alikosea jina la mtu. Kufika saa tisa alikuwa kwenye jina la sita, na mkono wake wa kushoto ulikuwa shingoni, ukisugua.

Oliva alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni, nakala zake zote mapajani.

"Hapo hapo," alimwambia. "Ndipo panapoanzia. Mimi nimepiga hivyo miezi tisa, ukaniita mzembe."

Bwana Joachim hakumtazama. Alichomoa stensili yake, akaikunja, akasogeza ile ya Oliva na kutia sahihi chini yake.

Oliva alitoa nakala mbili kwenye mashine ya kurudufu. Moja aliiacha kwenye kaunta. Ya pili aliikagua dirishani, herufi kwa herufi, hasa o na l, kisha akaiweka juu ya zile nyingine na kufunga kamba.