Zimwi Likaitwa Haji

Juzi, katika maktaba ya skuli, nilisoma kitabu cha hadithi za zamani zilizoandikwa upya. Katika mojawapo, msichana analishinda zimwi, halafu analisamehe. Nikakirudisha kabatini bila kukimaliza.

Nilikuwa mdogo, tumekaa ukumbini kwa bibi tunachambua karafuu, vidole vinanata na harufu inapanda mpaka machoni. Binamu yangu Haji alikuwa akitusimulia: zimwi limemtia msichana ndani ya ngoma, naye analia tu humo akingoja kaka zake waje.

"Na jina lake Mize," akasema Haji. "Kwani huyu Mize wetu ana mdomo?"

Wote wakacheka. Mize ni mimi. Siku zile niliamini kuwa ukitajwa kwenye hadithi, yatakupata kweli, na nilihisi ngozi ya ngoma ikinibana kichwani. Nikasema, kwa sauti niliyokuwa siijui, "Paukwa!"

Bibi akaitikia, "Pakawa."

Nikasimulia kuwa Mize aliitoboa ngoma kwa meno, akalitia zimwi humo pamoja na upupu, akalizungusha mji mzima akiipiga ngoma na lenyewe likiimba. "Na zimwi jina lake Haji!"

Watoto wakaanza kuimba kizimwi, wakijikuna. Haji akalia.

"Basi mjukuu wangu," akasema bibi, "mwenzio analia."

"Bado, bibi. Haijesha."

Leo najua hadithi haimfanyi mtu kitu. Siku ile sikujua, nilitaka yampate kweli. Nikamtazama Haji na machozi yake, nikaliotesha zimwi mkia.