Kuyu Asiye na Tundu Mdomoni

Siku niliyoona aibu kuliko zote, mjukuu wangu, ilikuwa Jumapili baada ya ibada, nikiwa nimevaa shati langu zuri na nimebeba samaki mkubwa mkononi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kwetu ni Bukima, na ukoo wetu ni watu wa nyavu. Tulikuwaga tunatega ziwani jioni, asubuhi tunakwenda kupandisha. Ndoano kwetu ilikuwa kazi ya wasio na mtumbwi, ndivyo tulivyojidanganya. Basi nikampenda binti mmoja, Nyangeta, wa kijiji kilicho karibu na Mto Suguti. Baba yake, Mzee Mafuru, alikuwa mkulima wa muhogo, lakini watu walimjua zaidi kwa kuvua kuyu mtoni. Kuyu ni yule samaki wa magamba makubwa ambaye mvua za masika zikishika na mto ukajaa, huacha ziwa akapanda mtoni kwenda kutaga. Ana nguvu, na hapendi kusumbuliwa.

Miaka hiyo Mzee Mafuru alikuwa haoni tena. Alitofautisha mwanga na giza, basi. Hata hivyo alivua. Nyangeta alimshika mkono mpaka kwenye jiwe pana, mbali kidogo na maji kwa sababu ya mamba, na mzee akarusha mshipi wake kama mtu anayeona.

Nilipokwenda kujitambulisha, aliniuliza tu, kwa mazungumzo, kama nimewahi kuvua mtoni.

"Sana, mzee," nikasema. "Jumapili nitakuletea kuyu."

Hakuna aliyeniomba. Ni mdomo wangu wenyewe. Nyangeta aliponisindikiza akaniambia, "Mto si ziwa. Ukishindwa, mwambie umeshindwa. Baba hana neno."

Nikanunua mshipi mnene kuliko yote dukani, ndoano kubwa, na kipande cha risasi cha kuuzamishia ambacho kingetosha kuzamisha jembe. Niliwaza kwamba maji yana kasi, kwa hiyo chambo lazima kikae chini kisiondoke. Kikakaa kweli. Kila niliporusha, risasi ilizama katikati ya mawe na kukwama, nami nikavuta mpaka mshipi ukakatika. Nilivua hivyo siku tatu. Jumamosi mchana sikuwa na ndoano hata moja, wala samaki wa kuonyesha. Nikaenda mwaloni Mugango, mitumbwi inakoshusha samaki, nikanunua kuyu mnono kwa mvuvi wa nyavu.

Mzee Mafuru alikuwa amekaa uani kwake. Nikampa shikamoo, nikaweka samaki kwenye mikono yake. Akampima uzito, akatabasamu.

"Umempata wapi?"

"Mtoni, mzee. Pale kwenye maji ya kasi."

"Kwa ndoano?"

"Kwa ndoano."

Akaingiza kidole mdomoni mwa yule samaki. Akapapasa mdomo wa juu, wa chini, pembe zote mbili, taratibu. Kisha akarudi nyuma ya mashavu, akashuka mgongoni, akasimama mahali ambapo magamba yalikuwa yamechubuka kwa mstari. Tabasamu likaondoka.

"Mwanangu," akasema, "samaki huyu hana tundu mdomoni. Na hapa uzi wa nyavu umemkata. Mpelekee mama yako ampike, asiharibike."

Akanirudishia samaki mikononi. Nilitamani angenifokea. Nilipofika njiani Nyangeta alikuwa amenitangulia, amesimama.

"Kama unaweza kumdanganya mtu asiyeona," akasema, "mimi utanifanyaje?"

Nikaenda nyumbani.

Wiki mbili nilikaa Bukima nikijiambia kwamba wasichana ni wengi. Uongo mwingine huo. Kilichoniuma hasa ni kwamba mzee alikuwa ameniita mwanangu, na aliniita hivyo wakati tayari alishajua. Asubuhi moja nikaondoka mikono mitupu, nikamkuta anamenya muhogo.

"Mzee, nilikudanganya. Yule samaki nilimnunua. Kuvua mtoni sijui kabisa. Naomba unisamehe, na kama inawezekana, unifundishe."

Akamenya mwingine, na mwingine tena. Mwishowe akaita, "Nyangeta, lete mshipi wangu. Na minyoo."

Tukaenda watatu. Kwanza akanifanya niushike ule mshipi. Ulikuwa mwembamba, ndoano ndogo, yenye ncha kali ya kukwaruza ukucha. Risasi yake haikuzidi maharage mawili, tena ilining'inia pembeni kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. "Ikikwama, uzi huu unakatika," akasema. "Unapoteza risasi, ndoano inabaki."

Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, tukarusha pamoja, juu kidogo ya tulipokuwa, upande maji yanakotoka. Nikasikia risasi inagusa chini, inainuka, inagusa tena. Tak. Tak. Chambo kilikuwa kinatembea na mkondo kama mnyoo uliong'olewa ukingoni na mvua.

"Unasikia? Ikigonga mfululizo, ni nzito, punguza. Isipogonga kabisa, ni nyepesi, inapita juu ya vichwa vyao. Usiuvute mshipi, usiulegeze. Ufuate tu kwa mkono. Mpaka maji yatakapousogeza ukingoni. Hapo kusanya, shuka hatua moja, rusha tena."

"Na samaki nitamjuaje?"

"Kugonga kutanyamaza."

Siku ile kulinyamaza mara mbili, na mara zote mbili nilichelewa. Nyangeta akachukua mshipi, akatoa kuyu mmoja, akaniangalia. Nadhani hapo ndipo nilianza kusamehewa. Nilirudi mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne, mvua ya manyunyu ikituloanisha, kugonga kulinyamaza nami nikainua mkono. Mshipi ukakimbia. Nikamwacha akimbie, nikamrudisha, akakimbia tena, mpaka Nyangeta akamtoa majini.

"Mkubwa?" mzee akauliza.

Neno "sana" lilikuwa tayari ulimini mwangu. Nikalimeza.

"Wa kiasi, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa unajua kuvua," akasema.

Masika yaliyofuata tulifunga ndoa. Nyangeta ni bibi yenu, na mpaka leo ananishinda mtoni.

Siku hizi nawaona mnarudi kutoka Musoma mjini na fimbo nzuri za kuvulia, zenye gurudumu la kukunja mshipi. Nafurahi, nunueni. Lakini mto haujabadilika, mjukuu wangu. Chagua kizito kinachogusa chini bila kulala chini. Noa ndoano kabla ya kurusha, si baada ya kukosa. Sikiliza kwa vidole. Samaki aliyejaa mayai mrudishe majini, ili masika yajayo na wewe uwe na cha kuvua.

Na juu ya yote, ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui, hata mbele ya mkwe, hata mbele ya mkubwa wako kazini. Utaona aibu kwa muda wa kumenya mihogo miwili mitatu, kisha mtu atakushika mkono akufundishe. Anayejifanya anajua hakuna anayemfundisha. Na ukishadanganya, rudi mapema ukaseme. Mlango haufungwi haraka kama unavyodhani.

Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi wa kweli. Akukutanishe na watu wa kukurekebisha bila kukuvunja, na siku yako ya kumrekebisha mwingine itakapofika, akupe upole wa Mzee Mafuru.