Saruji ya Baba

Picha ilitumwa kwenye grupu la WhatsApp la ofisini: nguzo za udongo zimesimama korongoni, magharibi ya Mlima Meru, nyingine zimebeba jiwe kichwani. Aliyeituma aliandika, "Jumamosi twendeni utalii wa ndani, tusisubiri Wazungu watuonyeshe." Wenzangu wakaimwagia mioyo. Mimi niliiona nguzo moja pana, iliyofunikwa na bamba la saruji, nikaishiwa pozi. Lile lilikuwa kaburi la baba yangu.

Baba aliacha agizo: azikwe shambani kwake, na juu imwagwe saruji nzito. Mama alipinga mpaka siku ya maziko. Jikoni tulikanyaga udongo mtupu, alisema, halafu marehemu ndiye anataka sakafu. Tukamwaga hivyo hivyo. Baadaye mifugo ikamaliza majani, mvua ikaanza kula shamba, na sisi tukahamia mjini, tukabaki kusikia tu kwamba korongo linapanuka. Mama sasa anaishi nami huko mjini, Sekei. Kuhusu kifo chake ana neno moja tu: atalala kando ya mumewe, upande wa kulia, palipoachwa nafasi yake.

Nilimwonyesha picha. Akavaa miwani, akaitazama sana.

"Nipeleke," akasema.

Kule korongoni tulikuta bibi harusi anapigwa picha, shela limegeuka rangi ya vumbi. Ardhi ambayo baba aliigombania na jirani mpaka wakapelekana baraza la kata ilikuwa imekwenda yote. Mpaka wao sasa unapita hewani, na hakuna anayeudai. Palibaki pale tu ambapo saruji ilizuia mvua, juu ya vichwa vyetu. Upande wa kulia hapakuwa na kitu.

"Shikamoo mama," mpiga picha alisema. "Tunaomba usogee kidogo, unaingia kwenye picha."

"Marahaba. Sisogei. Nimekuja kumwona mume wangu, yuko pale juu."

Kijana wa watu akainua macho, akamtafuta mzee.

"Sasa anashukaje?"

"Hashuki," mama akajibu.

Nilicheka. Halafu nikaona mama anajifunika kanga kichwani, kama siku ya maziko. Niliumia kuliko siku tuliyomzika baba.

Mama akaizunguka nguzo, akiipapasa kwa kiganja. Nilisubiri alie. Badala yake akasimama kivulini, akakagua chini kama mtu anayechagua kiwanja.

"Mimi hamtanipandisha kwa ngazi kama kuku anayekwenda kulala," alisema. "Mtanilaza hapa chini. Hata alipokuwa hai alinisemesha kutoka juu."

"Hapa mama, maji yatakuchukua."

Akalitazama tena lile bamba alilolipigia kelele mbele ya waombolezaji.

"Basi na mimi mnimwagie saruji," akasema. "Na msiibanie."