Siku Lori la Harusi Lilipochemka

Enzi zetu Kisarawe, wakati wa Mwingereza, mtoto aliyepanda lori alihadithia mwezi mzima. Tulikaa nyuma juu ya magunia ya nazi, vumbi jekundu limejaa kwenye nyusi, tukitafuna mihogo ya kuchoma. Ukilalamika joto, mama alikujibu, "Simama, upepo uko juu." Basi unasimama, unashikilia bodi, unaona raha ya dunia.

Lori nisilolisahau ni lile lililompeleka kaka yangu Rajabu kumwoa Mwajuma wa Mlandizi. Harusi ilikuwa imeahirishwa mara mbili, kwanza kwa msiba, kisha kwa mvua, na baba wa bi harusi, Mzee Kondo, alituma salamu kali: "Alasiri ikipita hamjafika, msije tena." Mjomba Shomari, mwenye lori, akaapa tutafika mapema. Kaka akakaa mbele naye, kanzu nyeupe, kilemba kikubwa; sisi nyuma na shangazi zetu na ngoma.

Kwenye mlima wa pili mvuke ukafumuka mbele kama sufuria ya wali. Mjomba akazima injini, akasubiri ipoe, akafungua rejeta kwa kitambaa. Maji yalikuwa yamepungua. Shangazi Zainabu akatoa mtungi wetu wa maji ya kunywa, yakajazwa, tukaondoka kwa vigelegele. Hatukufika mbali, ikachemka tena. Mjomba akapapasa mipira ya maji: haivuji. Akainama uvunguni: pakavu. Ndipo akaitazama feni.

"Mkanda umekatika," akasema kwa sauti ndogo. "Feni haizunguki, na mkanda mwingine sina."

Jua lilikuwa limeshapinduka. Shangazi akaanza kulia. Kaka Rajabu, ambaye hakuwa msemaji, akavua kilemba, akakikunjua.

"Rajabu! Hicho cha marehemu baba yako!" mama akapiga kelele.

"Baba angenielewa, mama. Mimi namtaka Mwajuma."

Wakakisokota kama kamba, wakakifunga palipokuwa na mkanda. Lori likaunguruma, feni ikazunguka. Tulikwenda polepole, tukisimama kila mlima kuipoza injini na kukaza fundo. Tuliingia Mlandizi watu wakijipanga kwa sala ya alasiri.

Mzee Kondo alimtazama mkwewe: kichwa kitupu, kanzu imejaa masizi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kilemba kiko wapi?"

"Kinazungusha feni."

Mzee akaenda kuchungulia mwenyewe. Akacheka mpaka akashikilia mlango wa lori, kisha akavua kofia yake akamvisha kaka. "Haya, twende tukaswali, nikuoze."

Juzi mjukuu wangu alikuwa akinipeleka hukohuko Mlandizi. Tulipoingia Kibaha, kiyoyozi kikaacha kutoa baridi, kikabaki kupuliza hewa ya moto. Kijana akabonyeza kila kitufe, akampigia fundi simu, akaambiwa huenda gesi imeisha.

"Bibi, turudi, tutaiva humu!"

Nikamwambia ashushe vioo. Alishusha huku akizifunika nywele zake zisiingie vumbi, maskini, kama bi harusi. Pale kituo cha Kwa Mathias tukasimama kidogo, na binti mmoja muuza ndizi akainama dirishani: "Shikamoo, bibi." Nikaitikia kwa furaha, nikamuuliza na hali ya nyumbani kwao. Njia hii zamani tuliipita tukiamkiana na kila mtu. Tangu wajukuu waanze kunipandisha magari ya baridi, yule binti ndiye wa kwanza kuniamkia njiani.